Hakuna Kuinuka Mpaka Springi Iingie

Kijiwe cha kona ya Nyamugari, pale Gitega, kina benchi moja, birika moja na sheria moja. Benchi ni la mbao za mkaratusi, limeegemea ukuta wa duka la ushonaji la Abubakari. Birika ni la Kastori, muuza kahawa, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku basi siku hiyo kuna msiba. Sheria haikuandikwa popote, lakini inashikwa kuliko zilizoandikwa: mtu hainuki katikati ya ubishi. Anayeinuka ubishi haujaisha ameshindwa, awe amesema kweli au uongo, na ataosha vikombe vya Kastori hadi Ijumaa ijayo. Milango ya kutokea ni miwili. Wa kwanza, birika likikauka, ubishi umekufa na kila mtu yuko huru. Wa pili ni wabishi wote kukubaliana, na huo haujawahi kufunguliwa tangu kijiwe kianze. Kwa sheria hiyo watu wamekosa mabasi, wameunguza maharage, na mmoja alikosa ubatizo wa mwanawe mwenyewe. Ila Alhamisi hiyo, baada ya adhuhuri, benchi lilikuwa tupu. Wenyewe walikuwa wamehamia uani kwa Abubakari, wamekaa juu ya pua ya gari.

Gari lenyewe ni Benzi ya mwaka sabini na nane, rangi ya krimu, mali ya marehemu Mzee Kassimu, baba yake Abubakari. Kwa gari hilo Mzee alimleta bibi Fatuma kutoka Gasorwe, kule Muyinga, siku ya harusi yao. Na kabla hajafa alimwambia mjukuu wake Latifa: bibi yako alikuja ndani yake, na wewe utaondoka ndani yake. Sasa Latifa anaolewa Jumamosi, na bwana harusi, Faridi, ni wa hukohuko Muyinga. Kila kitu kilikuwa kimepangika. Hata mafuta ya gari, yaliyokuwa adimu mjini, yalishapatikana, na mwenye adabu haulizi yalipatikanaje. Ndipo wiki iliyopita, Abubakari akitoka Makebuko kualika ndugu, springi ya mbele kulia ikakatika kwenye shimo.

Faridi akahangaika Muyinga nzima akapata springi mbili nzima, akazituma kwa basi zimefungwa ndani ya gunia. Lakini mjomba wake, mtu wa kupenda makubwa, akapiga simu: ikifika magharibi ya Alhamisi gari la kizee halijasimama, yeye atatuma jipu jeupe la kukodi, lenye maua ya plastiki. Abubakari akajibu ndiyo. Yeye kila kitu hujibu ndiyo. Katika miaka ishirini ya kijiweni hajawahi kumpinga mtu, na jina lake pale si Abubakari, ni Ndiyo. Alipokata simu alikaa nyuma ya cherehani yake na roho ikamuuma, maana alijiona anamkabidhi mwanawe kwa maua ya plastiki.

Fundi alikuwa Ilyasi, aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma akarudi na Kiswahili kilichonyooka na sanduku la spana. Alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

— Chombo cha kubania springi sina, alisema kutoka huko chini. Kipo Bujumbura, na Bujumbura si hapa. Nikipandisha mkono wa chini, ule unaobeba springi, kwa jeki, springi haibanwi, gari zima linapaa. Nahitaji uzito juu ya pua, upande wa kulia.

Uzito ulikuwepo. Sudi, mwenye bucha, anayeitwa Toni Mbili kwa uzito wake, alivua viatu kwa heshima ya rangi, akapanda. Gari likaguna. Akafuata Moïse, kinyozi Mkongomani kutoka Uvira, anayeitwa Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Mwisho akavutwa juu Eliud, mwalimu mstaafu wa jiografia, anayeitwa Diksioneri, mwenye methali kwa kila jambo isipokuwa jambo lenyewe. Chini yao palitandikwa blanketi. Kastori akaleta jiko na birika lake akaliweka karibu na taa ya mbele. Abubakari akabaki amesimama, kazi yake kumpa Ilyasi spana.

— Mi nauliza, alisema Toni Mbili baada ya kikombe cha kwanza. Hii gari ilianza lini kuinama mbele? Maana hata kabla resori, hii springi, haijakatika, pua ilikuwa imeshashuka.

— Ilianza siku Mzee alikufa, alisema Redio. Gari iko na moyo. Ya papa yangu kule Uvira, siku tulimuzika, tairi ine zikaisha pumzi. Ine zote.

— Hiyo ni misumari, sha, alisema Toni Mbili.

— Musumari gani inaingia tairi ine siku moja ya matanga?

— Ya jeneza.

— Donc, muniache niwaeleze kisayansi, alisema Diksioneri. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na moja. Chuma hakilii. Chuma kinavutwa na ardhi. Na tangu Gitega iwe mji mkuu, mvuto umeongezeka. Hesabu ofisi. Hesabu makabati ya karatasi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na magari mengine, mbona hayainami? aliuliza Toni Mbili.

— Hayo yamekuja juzi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Hiyo inaingia wapi sasa?

— Inaingia palepale.

Chini, jeki ilipanda kidogo kidogo. Springi ilitoa sauti ya kitanda cha zamani. Ilyasi alikuwa ameipitishia mnyororo akaufunga kwenye chasisi, ili ikikosa adabu isiruke, na kila baada ya muda alisema "bado" kwa sauti ya mtu anayezungumza na nyoka. Kisha akasema "naam". Pini ya kushikilia mkono wa chini ilikuwa imeingia kwenye tundu lake.

— Nipe nati, Baba Latifa.

Abubakari akampa. Spana ikazunguka, ikateleza, ikazunguka tena.

— Nati imeliwa meno, alisema Ilyasi. Haishiki. Nina ya akiba, lakini lazima niisugue kwa tupa. Nusu saa. Ninyi hapo juu, kunyweni, semeni, ila msiinuke. Mkiinuka pini inatoka, springi inafunguka, na mnyororo nilionao ni wa kufungia mbwa.

Nusu saa. Neno hilo likapita juu ya kapo, kile kifuniko cha pua walichokikalia, nao wakaangaliana. Toni Mbili alikuwa ameacha robo tatu ya ng'ombe ikining'inia dukani. Diksioneri alikuwa na mazoezi ya kwaya. Redio alikuwa ameacha kichwa cha mteja kimenyolewa upande mmoja, na mwenyewe alisema mteja ni mpole lakini nywele zake si pole.

— Franchement, alisema Toni Mbili, nikifikiria vizuri, Mwalimu iko na haki. Ni ofisi.

— Hata miye, alisema Redio. Makaratasi ni mazito. Nakubali.

— Basi tumekubaliana, alisema Diksioneri, akaanza kutafuta kiatu kwa kidole cha mguu.

Abubakari aliwatazama mmoja mmoja. Miaka ishirini hawa watu hawajawahi kukubaliana hata jua limechwea upande gani, wakachagua leo. Mlango wa pili wa sheria ulikuwa unafunguka mbele ya macho yake, na nyuma ya mlango aliliona jipu jeupe.

— Mimi nakataa, akasema.

Kastori aliacha kumimina katikati ya kikombe.

— Unakataa nini, ewe Ndiyo? aliuliza Toni Mbili.

Abubakari hakujua anakataa nini. Alikuwa hajafika huko. Aliangalia gari, akaangalia kilima nyuma ya nyumba, akashika kilichokuwa karibu.

— Gari halijashuka. Gari liko palepale alipoliacha Mzee. Gitega ndiyo imepanda.

Kiatu cha Diksioneri kikaanguka.

— Imepanda wapi?

— Juu. Mbele ya nyumba yangu imepanda kuliko nyuma. Kwa hiyo mnaliona gari kama limeinama. Lilivyo, limenyooka. Ninyi ndio mmepinda.

— Mimi, alisema Diksioneri, mwenye cheti cha jiografia, nimepinda?

— Kidogo, Mwalimu. Kuelekea Gishubi.

Hapo moto ukawaka. Toni Mbili alijigeuza amtazame, gari likayumba, Ilyasi akapiga kelele, Toni Mbili akajirudisha taratibu huku akiendelea kubisha kwa mgongo.

— Kilima kinapanda vipi, na mi naishi juu yake?

— Ungejuaje? Umepanda nacho.

— Attendez, alisema Redio, macho yamemtoka. Attendez kwanza. Papa Latifa anasema kweli. Uvira ziwa imepanda mpaka ndani ya nyumba za bantu, tumeona na macho. Kama ziwa imepanda, Gitega itashindwa juu ya nini?

— Ziwa likipanda mlima unashuka, alisema Diksioneri. Ni mizani. Maji yakizidi unga, bwana.

— Alors, kama ziwa imepanda na Gitega imepanda, nani ameshuka?

Wakafikiri.

— Bujumbura, alisema Toni Mbili.

Neno hilo lilipokelewa vizuri, kwa kuwa watu wa Gitega huwa hawana haraka ya kuitetea Bujumbura. Ilibidi Abubakari aliharibu upesi, maana aliona vichwa vitatu vinaanza kutikisika kwa kukubali.

— Bujumbura haikushuka, alisema. Bujumbura imesogea.

— Imesogea kwenda wapi?

— Mbali. Zamani nikienda na Mzee tulifika kabla ya mchana. Siku hizi unafika jioni.

— Hiyo ni foleni na mafuta, Ndiyo.

— Ndivyo wanavyotuambia.

Alikuwa anatokwa na jasho, lakini jambo la ajabu lilikuwa limeanza kumpata: alikuwa anafurahi. Hakujua kama ubishi ni mtamu hivi. Miaka yote hiyo alikuwa anakaa kwenye karamu bila kula. Alipandisha mkono hewani kama Diksioneri, akapiga goti kama Toni Mbili, na aliposema kwamba Muyinga ndiyo iliyoanza kupanda, tangu siku bibi Fatuma alipoondoka Gasorwe ikapungua uzito, Redio alijipiga paja mpaka kahawa ikamwagika.

— Bibi Fatuma alikuwa na kilo ngapi?

— Usiulize kilo za mama yangu juu ya gari lake.

— Pole, Papa. Lakini ni swali ya sayansi.

— Mchumia juani hulia kivulini, alisema Diksioneri kwa huzuni, na hakuna aliyemuuliza inaingia wapi, kwa sababu wakati huohuo Kastori aliinua birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha Toni Mbili, na likatoka tone moja. Akalitikisa.

— Imeisha, akasema Kastori. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Birika limekauka. Sheria ni sheria. Toni Mbili akashusha pumzi, akaweka mkono juu ya goti kama mtu anayejiandaa kuinuka.

— Ilyasi? aliita Abubakari.

— Dakika kumi. Akisimama mtu yeyote hapo, mimi nahama mji.

— Kastori, weka maji mengine.

Kastori akafungua mikono. Buni zilikuwa zimekwisha, na nyingine ziko nyumbani kwake, upande wa pili wa soko. Abubakari alitafuta ubishi mwingine kichwani, lakini ubishi bila kahawa hauna nguvu ya kisheria, alijua hilo kama walivyojua wao. Akatazama kiatu cha Diksioneri kinapanda mguuni polepole.

Ndipo dirisha la chumba cha ndani likafunguka kiasi cha kupita mkono. Ukatoka mkono wenye hina mbichi, umeshika birika la udongo kwa kitambaa, kwa uangalifu ili hina isiguse. Mwali haonekani mpaka siku yake, na Latifa hakuonekana. Birika tu ndilo lililoonekana, na harufu ya tangawizi.

— Ni kahawa ya harusi, ilisema sauti yake. Nimeitoa kidogo. Kastori, pokea.

Kastori alipokea kwa mikono miwili. Toni Mbili aliondoa mkono kwenye goti. Birika jipya, ubishi umefufuka.

— Na mimi nina neno, alisema Latifa kutoka gizani mwa dirisha. Mnabishana bure. Babu aliniambia kwa nini gari liliinama.

— Sema, mwanangu, alisema Diksioneri.

— Alisema bibi alikuwa anakaa mbele, na kila wakikaribia nyumbani kwa mashemeji, bibi anakanyaga breki ambayo haipo upande wake. Miaka arobaini. Gari likachoka kwa mbele.

Kicheko kilichotoka hapo hakikuwa cha watu watatu. Toni Mbili akicheka anacheka na viungo vyote. Kapo ilipanda na kushuka, mnyororo wa mbwa ukalia, Redio akamshika Diksioneri kiunoni, Diksioneri akashika kioo cha pembeni, na Ilyasi huko chini akawa anamwita Mungu na mama yake kwa zamu.

— Msicheke. Nawaomba. Hasa wewe mkubwa, fikiria matanga.

— Siwezi, alisema Toni Mbili, machozi yanamtiririka. Nafikiria matanga naona tairi ine.

Abubakari naye alikuwa amejishika kwenye mlango wa gari, anacheka mpaka mbavu zinamuuma, na katikati ya kicheko akamsikia mama yake anakanyaga breki ile. Aliukumbuka mguu wake. Alikuwa amesahau kabisa.

Halafu Ilyasi akasema kwa sauti ndogo:

— Imeshika.

— Nini?

— Nati. Imeshika na imekaza. Mnaweza kushuka.

Kushuka kukawa kesi mpya, maana ubishi ulikuwa haujaisha na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Wakahesabu moja, mbili, tatu, wakateleza pamoja, Diksioneri akaanguka kwa kuwa mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Ilyasi akarudisha gurudumu, akashusha jeki. Pua ya Benzi, upande wa kulia, ikasimama. Haikuinama hata kidole. Abubakari aliipapasa taa, na wote wakajifanya wanatafuta viatu.

Getini alikuwa amesimama mwanamke mwenye furushi kichwani. Alikuwa Mama Cibalonza, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, aliyeleta vitambaa vya akina mama wa harusi. Hakuwahi kufika nyumba hiyo, na alikuwa amesimama pale tangu Gitega ilipoanza kupanda.

— Karibu, Mama, alisema Abubakari.

— Asante, Papa. Nilikuwa naangalia tu. Naweza kuuliza kitu?

— Uliza.

— Ile magunia ya muchele iko pale baraza. Sababu gani hamukuipandisha ile juu ya gari, ninyi mukakaa zenu kwa benchi?

Wakageuka wote. Magunia ya mchele wa harusi yalikuwa barazani, kumi, ya kilo hamsini kila moja, hatua nne kutoka kwenye gari. Yalikuwa pale tangu Jumatatu. Toni Mbili alikuwa ametundika koti lake juu ya mojawapo.

Diksioneri alifungua mdomo, methali zote alizowahi kuzijua zikapita mbele yake na hakuna iliyosimama. Redio, kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiwe, alizimika. Ilyasi alijirudisha taratibu chini ya gari, ambako hakuwa na kazi.

Abubakari aliangalia blanketi lililobonyea mahali patatu. Kuna mtu aliacha nyama inaharibika, mwingine akaacha kwaya, mwingine akaacha kichwa cha mtu nusu, na wangeweza kuondoka wakati wowote, maana adhabu yenyewe ilikuwa vikombe tu. Walikaa kwa ajili ya mtoto wake. Aliwapenda sana wakati huo, na alitaka kuwaambia, lakini maneno yake ya siku hiyo alikuwa ameyatumia yote kuipandisha Gitega.

— Baba, ilisema sauti ya dirishani. Upande wa kushoto je?

Maana springi hubadilishwa zote mbili, kama viatu, na ya kushoto ilikuwa bado iko ndani ya gunia la Faridi, imelala kwenye majani. Jua lilikuwa limeanza kuelekea machweo.

Toni Mbili aliangalia magunia. Akaangalia kapo. Akainama, akavua viatu tena.

— Ubishi haujaisha, akasema, akapanda kushoto.

Redio akapanda. Diksioneri akaanza "ndiyo maana wahenga...", wakamwambia wahenga wapande pia, akapanda. Safari hii Abubakari naye alivua makubazi, akapanda juu ya gari la baba yake, jambo ambalo Mzee angelilipa kwa bakora, akajibana katikati. Mama Cibalonza aliangalia magunia, akawaangalia wanaume wanne. Akatua furushi lake juu ya koti la Toni Mbili.

— Musogee basi, alisema. Na hiyo Gitega yenu, kama imepanda hivyo, Bukavu muliiacha wapi?

Kastori akaongeza mkaa. Springi ya kushoto ilianza kuguna. Kikombe kilikuwa kinapita mkono kwa mkono simu ilipolia mfukoni mwa Abubakari, na jina kwenye kioo lilikuwa la mjomba wa Faridi, kule Muyinga.

— Shemeji, ilisema sauti. Magharibi inakaribia. Nimwambie dereva wa jipu aje?

Dirisha likafunguka kidogo.

— Hapana, alisema Abubakari.

Lilikuwa neno dogo, na lilimtoka bila shida. Upande wa pili wa simu, mtu alijiuliza kama amepiga namba sahihi.

— Kwani gari la Mzee limepona?

— Limepona nusu, alisema Abubakari. Nusu nyingine tumeikalia.